Mama wa Kpandroma na Swali Langu la Chakula

Jamani, nikikumbuka asubuhi ile ya Bunia mpaka leo naona haya, na wala si kwamba suruali ilinipasukia mbele za watu (afadhali ingepasuka), ni mdomo wangu tu. Ilikuwa miaka ya themanini, mimi daktari kijana, abakosti mpya, suti ile ya Zaire isiyo na tai, chini ya koti jeupe, nimepewa wanafunzi sita wa udaktari niwafundishe lishe. Nilijaza ubao protini na vitamini, nikaona wanasinzia, basi nikaamua niwaonyeshe mfano hai.

Kwenye benchi alikaa mama mmoja kutoka Kpandroma, amempakata mtoto mwenye mbavu za kuhesabika.

"Mama, mutoto anakula nini?"

"Bugali."

"Na kingine?"

"Bugali tu, dokta."

Nikawageukia wanafunzi, nikasema ujinga, nikasema uvivu, tena kwa Kifaransa na kwa Kiswahili ili naye asikie, nikaamuru mtoto apewe maziwa na warudi kwao. Wanafunzi wakaandika yote.

Mama akaningoja nimalize. "Dokta, weye uliuliza chakula. Mboga hukuuliza."

Akaanza kuhesabu kwa vidole: maharagi, sombe ya majani ya muhogo na karanga, samaki ya ziwani Kasenyi, mayai, avoka, kumbikumbi za kuchezea mdomo. Mkono mmoja haukutosha. Ubao wangu mzima ulikuwa kwenye vidole vya mama ambaye hakuwahi kukaa darasani, na mimi nikamkumbuka mama yangu mzazi kule Butembo, ambaye siku isiyo na bugali alisema tumelala njaa, hata kama tumemaliza sufuria ya maharagi! Nilijua, Kifaransa kikanisahaulisha.

Mwanafunzi mmoja, Beatrisi, akauliza taratibu, "Sasa mama, mbona anakonda?"

"Ile njo ilinileta hapa. Anakohoa, mwezi ya pili sasa. Hakuna mutu aliniuliza."

Tukampima. Kifua kikuu. Na mimi nilikuwa namrudisha Kpandroma na maziwa yake!

Tangu siku ile siulizi tena swali lile. Nauliza jana kinywani kilipita nini, kisha nanyamaza. Mtoto alitibiwa muda mrefu, akapona, na siku moja mama akamleta, mzito, ananisukuma koti kwa miguu. Akaniangalia mbele ya wanafunzi wapya.

"Na weye dokta, unakula nini?"

"Bugali, mama," nikasema, na tulicheka mpaka nikatokwa na machozi.