Nilivyougua Habari za Vita

Naitwa Mwanaidi binti Athumani. Wanawake wa hapa Kilosa wameniomba nieleze ugonjwa wangu ulivyokuwa, maana wengi waliniona nilipokwisha kabisa, na sasa wananiona nimenenepa, na hawajui katikati palipita nini. Nitaeleza. Watakaocheka na wacheke, hata mimi hucheka nikifika mahali fulani. Lakini wakati ule hapakuwa na kicheko. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa anakufa mikononi mwangu, na sababu ilikuwa mimi kushindwa kuacha kusikiliza.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kwenye stesheni ya Munisagara. Alijifunza kusoma ukubwani, na kama ilivyo kwa waliojifunza ukubwani, aliona raha kumfundisha kila aliyekaa karibu naye. Mimi ndiye niliyekaa karibu. Nilipoolewa na Salumu tukahamia kambi ya shamba la mkonge nje ya mji. Salumu alifanya kazi kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kutoa singa. Mimi na wanawake wenzangu tulikuwa uwanjani tunaanika hizo singa kwenye waya. Nilikuwa mnene, mcheshi, na mdomo wangu haukujua kupumzika. Nikicheka, nyapara alijua niko upande gani wa uwanja bila kunitafuta.

Vita vikuu vya pili vilipoanza, gazeti la Kiswahili likawa linaletwa na treni. Karani wa shamba akimaliza kulisoma, Salumu alilichukua na kuniletea. Saa ya kupumzika wanawake walikaa chini, mmoja akanishikia Zena wangu, aliyekuwa bado mchanga, nami nikawasomea. Wakaniita Mama Gazeti. Sitadanganya, jina hilo nililipenda sana.

Baadaye mwenye duka mmoja mjini akanunua redio ya betri, akawa anaiweka dirishani jioni ili watu wasikie. Nikaanza kwenda. Mwanzoni nilikwenda nikiwa na cha kununua. Kisha nikawa naenda kila jioni. Chumvi ipo nyumbani, mafuta ya taa yapo, na mimi nimo njiani na mtoto mgongoni.

Habari zenyewe mnazikumbuka. Meli imezama na watu wake. Mji umechomwa. Watu wanakufa kwa njaa. Jioni moja wakatangaza juu ya mama mmoja wa huko Ulaya aliyefukuliwa kwenye kifusi cha nyumba yake, amekufa, na mtoto kifuani. Huyo mama nilirudi naye nyumbani. Nikisonga ugali namwona. Nikimwogesha Zena namwona. Sikujua jina lake wala lugha yake, lakini nilijua mkono wake ulivyolala, maana niliutengeneza mwenyewe kichwani.

Ugonjwa ulianzia tumboni. Nikiona watu wamekusanyika mahali, tumbo linanikoroga, nakimbilia chooni. Nikahara siku nyingi na sikuwa nimekula kitu kibaya. Halafu ukaja moyo. Nimekaa tu, sijabeba kitu, ghafla unaanza kwenda mbio mpaka khanga inatikisika kifuani. Viganja vikatoa jasho la baridi, vidole vikafa ganzi, singa zikawa zinaniponyoka uwanjani. Ugali nao ukagoma kushuka. Nautafuna, unazunguka mdomoni, nautema. Treni ikipiga honi naruka na kusema, wameshafika. Ni akina nani waliofika, sikuweza kukuambia.

Salumu ni mtu mpole. Siku moja akaniuliza, "Mama Zena, una ndugu jeshini?"

"Sina."

"Kuna mtu wako yeyote huko?"

"Hakuna."

"Sasa unamlilia nani?"

Nikamjibu vibaya, nikamwambia ana moyo wa chuma kama mashine yake. Akachukua ndoo akaenda kuteka maji, kazi ambayo wanaume wa kambi ile hawakuifanya, na watu wakamwona. Nasema hivi ili mjue nilikuwa na mume wa namna gani.

Kisha maziwa yakaanza kukauka. Zena ananyonya, anaachia, analia, anarudi, anaachia. Titi limelegea, ukilikamua linatoa tone. Mashavu ya mtoto yakaingia ndani, na utosi wake ukabonyea. Nilikuwa nikiugusa utosi ule kila mara kwa kidole, nikitumaini umeinuka.

Tukaenda kwa dresa, mganga wa zahanati. Alinipima kifua, akabonyeza tumbo, akanifunua macho.

"Moyo wako mzima, mapafu mazima," akasema. "Huu ni wasiwasi. Acha kusoma gazeti. Na ule, mama. Usipokula, mtoto atanyonya nini?"

"Chakula hakishuki."

"Jilazimishe."

Akanipa chupa ya dawa chungu. Nilimshukuru, kwa kuwa alisema kweli. Lakini kuambiwa ule wakati koo limefungwa ni sawa na kuambiwa utembee wakati mguu umevunjika. Tulimkorogea Zena uji mwepesi, akautapika.

Salumu akaamua nipelekwe Mikumi kwa shangazi yangu, dada wa baba. Mikumi ya wakati ule ilikuwa nyumba chache na pori kubwa. Hapakuwa na gazeti wala redio, na hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya Salumu. Akatupakia kwenye lori la mizigo, akabaki amesimama barabarani mpaka vumbi likamfunika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umebaki mifupa? Nipe huyo mtoto."

Shangazi Mwanjaa hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa mkulima, mikono yake migumu, na hasira yake ilikuwa karibu. Alinipa chumba, akanipa uji wa karanga, akaenda shambani kwake.

Kila mtu alidhani nitapona huko. Nikazidi. Kilosa angalau nilikuwa nikisikia meli moja imezama, najua ni moja. Mikumi sikusikia kitu, kwa hiyo nilizizamisha zote. Nikaacha kulala kitandani, nikawa nalala chini kwenye mkeka. Nywele sikuzichana wala kuzitia mafuta. Bangili nilizivua. Nilikaa pembeni ya mlango, khanga kichwani, machozi yanatiririka yenyewe. Sikupanga kufanya hivyo. Mwili uliamua.

Sasa fikiri wewe ni jirani. Umemwona mwanamke mgeni ameletwa na lori, hana mume, amevua bangili, analala chini, analia. Utasema nini? Wanawake wa Mikumi walisema kile ambacho hata mimi ningesema. Wakasema amefiwa na mume, na kwamba Mwanjaa kwa ukali wake hakutaka kuwaambia watu.

Asubuhi moja nikasikia kilio kinakuja njiani. Wakaingia uani wamejifunga khanga viunoni, huyu na kuni kichwani, huyu na unga, huyu na kuku, wote wanalia kwa sauti. Mmoja akaniangukia shingoni. "Pole, mwenzetu! Pole! Kakuacha na kichanga!"

Shangazi akatoka jikoni mbio, amepauka. "Salumu kafa? Nani kaleta habari?"

"Hajafa," nikasema.

"Basi kafa nani?"

Kilio kikakatika. Wote wakanitazama. Nikatafuta jina la kutaja, sikulipata.

"Watu," nikasema.

"Watu gani?"

"Wa kwenye gazeti."

Kuku akalia peke yake. Kisha mwanamke mmoja kijana, aliyeitwa Mama Ramadhani, akashindwa kujizuia, akacheka. Hapa ndipo na mimi hucheka siku hizi. Siku ile nilitamani ardhi inimeze. Wengine wakaanza kujitwika vitu vyao.

Shangazi akawazuia. "Wekeni chini," akasema. "Kitu cha msiba kikishaingia kwenye uwanja wangu hakitoki. Mnataka mpite nacho njiani watu waseme Mwanjaa kafukuza waliokuja kulia naye? Kaeni." Akanigeukia, amekasirika kweli. "Na wewe, umewalilia peke yako muda wote huu, na watu wamekuja. Haya, tuambie waliokufa ni akina nani."

Nikasema. Mwanzo kwa kigugumizi, kisha maneno yakamwagika. Nikawaeleza meli, nikawaeleza mji, nikawaeleza yule mama wa kwenye kifusi. Nao wakafanya kama wanavyofanya watu msibani, wakauliza. Alikuwa na watoto wangapi? Mume wake yuko wapi? Amezikwa na nani? Sikuwa na majibu, na kila niliposema sijui, mtu aliguna, mwingine akasema masikini. Mzee mmoja wa kike, mwanawe alikuwa askari na hakujulikana alipo, akaanza kulia kilio kingine kabisa. Alikuwa hajawahi kumlilia, akiogopa kumtabiria mwanawe mabaya. Tukalia naye. Nililia mpaka mbavu zikauma. Lakini kilio kile kilikuwa na watu, na mtu alikuwa amenishika mgongo.

Katikati ya hayo Mama Ramadhani alikuwa amesimama mlangoni, mwanawe mnene kiunoni. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa akimtazama Zena kwenye mkeka. Akaja akainama, akaweka kiganja juu ya utosi wake.

"Msiba wenu wa mbali nimeusikia," akasema. "Na huyu je? Nani anamtazama huyu?"

Akampa mwanawe mtu, akaketi chini, akampakata Zena, akamtia titi mdomoni. Zena hakuwa na nguvu. Mama Ramadhani akamkamulia matone kwenye ulimi, akingoja, akikamua tena, mpaka mtoto akashika. Nikasikia anameza. Wote tukasikiliza mtoto anameza, na mimi nilijua kwamba kwa siku nyingi sikuwa nimesikiliza kitu kingine chochote kilichokuwa mbele yangu.

Wanawake walikaa na sisi mpaka siku ya tatu, wakipika unga waliouleta wenyewe. Siku hiyo shangazi akafanya kama inavyofanywa. Akafagia uwanja, akazoa majivu ya moto wa msiba akayamwaga. Wakaniosha, wakanichana nywele, ambazo zilitoka kwa mafungu kwenye kitana, wakanipaka mafuta. Shangazi akawaombea wote waliotajwa, akisema Mungu anawajua kwa majina hata kama sisi hatuwajui. Halafu akasema kwa sauti yake ile kavu, "Matanga yameanuliwa. Aliyetaka kulia amelia. Kila mtu na kazi yake." Akanipa kisu na kisamvu cha kukata.

Siwadanganyi kwamba nilipona siku ile. Moyo uliendelea kunikimbia kwa miezi, ila sasa ulikuwa unachoka na kurudi. Chakula kilianza kushuka kwa uji, kisha ndizi, kisha ugali laini. Maziwa yalirudi kidogo kidogo kwa sababu Mama Ramadhani alinilazimisha nimweke Zena titini kwanza hata kama hamna kitu, ndipo yeye ampe la kwake. Ndiyo maana Zena na Ramadhani ni ndugu wa kunyonya, na hawawezi kuoana.

Salumu alipokuja kutuchukua alimkuta mtoto ana mashavu. Alimbeba akaenda naye nyuma ya nyumba, wakakaa huko wawili tu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, nasi tukajifanya hatujaona.

Niliporudi Kilosa, wanawake wa uwanjani waliniomba tena niwasomee. Nilisoma, lakini mara moja kwa juma, na dirishani kwa redio sikurudi. Nikimaliza tuliwaombea dua waliokufa, kisha tukainuka kwenda kumtazama mgonjwa mmoja wa kambini, hasa mmoja wa wale waliotoka mbali kwa mkataba, wasio na ndugu wa kuwapa maji. Habari haikuzidi nguvu zetu tena, kwa kuwa ilitukuta wengi na ilitukuta na la kufanya.

Siku hizi redio zimeongezeka, na nawaona mabinti zetu wamekaa mbele yake na sura ninayoifahamu. Siwaambii wazibe masikio. Kusikia si dhambi, na kuwahurumia watu usiowajua si wazimu. Lakini moyo ukianza kukukimbia, chakula kikikataa kushuka, usijifungie. Mwambie mtu. Taja waliokufa, uwalilie ukiwa umeshikwa, kisha ukubali matanga yaanuliwe. Na umtazame aliyelala kwenye mkeka wako. Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu aliyeteka maji mchana kweupe, na shangazi, Mungu amrehemu.

Vita vilipokwisha nilikuwa Mikumi, nimempeleka Zena kwa Mama Ramadhani. Dereva wa lori alipita akipiga honi na kupaza sauti kwamba imekwisha, watu wanarudi makwao. Tulikuwa tunapura maharage. Mama Ramadhani akasimama, akajifuta mikono.

"Ni vile vita vyako?" akaniuliza.

"Ndivyo."

"Vimekwisha kabisa?"

"Vimekwisha."

Akanishika mikono yote miwili, kama anavyoshikwa mfiwa. "Pole, dada," akasema. "Uliviuguza peke yako kwa muda mrefu."