Sanda ya Shangazi Aliye Hai

Mhadhiri wetu wa sheria ya mawasiliano hupenda kusema kwamba watu wa vijijini husambaza kila uzushi unaowafikia. Namchukia kwa maneno hayo, na zaidi kwa sababu safari hii aliyesambaza ni mimi. Ujumbe kwamba shangazi yangu wa Mbwara amefariki ulinikuta darasani kwa mhadhiri huyo. Kwetu habari ya msiba haidaiwi ushahidi. Niliandika innalillahi, nikaurusha kwenye kundi la ukoo. Ndugu wakatoka Bungu na sanda, wakamkuta shangazi uani anapepeta mchele. Nilipompigia kumwomba radhi, hakuitikia hata salamu.

"Angetuma mwingine, wangeuliza kwanza," alisema. "Wewe ndiye unayesomea habari. Ukisema nimekufa, nani abishe?"