Bokali ya Mayai ya Kambare

Baba alivua kwa ndoano, na chambo chake kilikuwa mayai ya kambare. Watu wengine kando ya mto Shari walitumia minyoo au kipande cha sabuni. Yeye hapana. Alisema samaki mkubwa amekwisha kula minyoo mingi na hana haraka nayo.

Tulipokimbia kijiji chetu upande wa Iga Barrière, mama alibeba sufuria na mimi nikabeba godoro. Baba alibeba ndoano zake, amezichoma kwenye kola ya koti ili zisipotee. Tulipata nyumba ya udongo hapa Bunia, mtaa wa Saio. Wiki mbili baadaye baba akaanza kuuliza mto uko wapi.

Mayai tuliyapata sokoni. Mama mmoja muuza samaki alihitaji mtu wa kumchotea maji ya kuoshea meza, na baba akajitolea. Alipopasua kambare jike, yule mama alitoa vifuko viwili vya mayai na kumwekea pembeni juu ya jani la mgomba.

Kazi ya kuyatayarisha baba alinionyesha bila maneno mengi. Mayai hayaoshwi, kwa sababu maji huyalegeza. Yanafutwa damu kwa kitambaa kikavu, na ngozi yao nyembamba haipasuliwi. Yanalazwa juu ya jani, kivulini, yananyunyiziwa chumvi. Baada ya muda yanatoa maji mengi, na ukiyaona hivyo utafikiri yameharibika. Unayaacha. Yanayanywa tena maji yale yale, yanakaza. Hapo unayakata vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, unayaacha yakauke hadi yasinate mkononi, kisha unayaweka katika bokali, chupa ya mdomo mpana, na kuyafunika kwa mawese. Bokali yetu ilikuwa ya mayonezi.

Ila kulikuwa na saa moja katika kazi hiyo ambayo sikuiona kamwe. Chumvi ilipokwisha kuingia, baba alinituma nikachomoe nyuzi katika gunia kuukuu, zile za kufungia mayai kwenye ndoano. Kila mara nilipoenda kuchomoa nyuzi, niliporudi mayai yalikuwa yamekwisha kugeuzwa. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Baba aliugua siku nne. Siku ya tano asubuhi alikuwa amekufa. Nakumbuka koti lake lilikuwa msumarini na ndoano bado ziko kwenye kola.

Wakati wa matanga mwenye kufiwa hagusi sufuria. Mama alikaa ndani juu ya mkeka pamoja na wanawake waliokuja kumfariji, na jikoni akaingia shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyetoka Mbunya. Jikoni kwetu hakukujua. Siku ya pili, saa sita mchana, nilikuta ameshika ile bokali, anaigeuza kwenye mwanga.

"Mutoto, hii iko nini?"

"Iko ya papa," nikasema, yaani ya baba.

"Najua iko ya papa. Kila kitu mu hii nyumba iko ya papa. Inakuliwa ao haikuliwi?"

Nilitaka kusema ni ya ndoano. Nilikuwa nimeshika ndoo. Wanawake wawili waliokuwa wakichambua mchele waliacha kuchambua, wakanitazama.

"Iko mayai ya samaki," nikasema.

"Asante. Sasa toka mu njia. Siye tuko na watu wamejaa lupango na sombe haina kitu ndani."

Akaimimina yote katika sufuria ya sombe, kisamvu cha siku ile. Mawese yalishuka kwanza, kisha vipande vikafuata kimoja kimoja, na vilivyoshikilia chini akavitoa kwa mwiko. Nilisimama pale na ndoo. Vilikuwa vya mwisho kupita mikononi mwa baba, na nilijua hivyo, lakini nilijua kama mtu anavyojua leo ni siku gani.

Nje kwenye lupango, yaani uani, wanaume walikula kwa bidii. Jirani mmoja mzee, aliyezoea kumtania baba, aliinua kipande kati ya vidole viwili.

"Kumbe huyu bwana alikuwa anakula hivi! Miye ananiletea samaki ya mifupa tu, mayai anaficha."

"Nyamaza, muzee. Angali karibu, anasikia," akasema mwenzake.

"Asikie! Arudi aniletee ingine."

Wakacheka. Hata mchungaji aliyekuja kuomba alicheka, akasogeza sahani yake aongezewe. Mimi pia nilipewa sahani, na kukataa kungeleta maswali, kwa hiyo nikala. Sikuwahi kuonja chambo cha baba. Nani huonja chambo? Kilikuwa na chumvi nyingi, kigumu kidogo kwa nje, laini ndani. Halafu kwenye koo kukabaki ukali fulani, kama wa chai ya mtu mwenye mafua. Nilimeza. Sikulia. Watu walisema mtoto huyu ana moyo wa nguvu, lakini haukuwa moyo. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu.

Matanga yakaisha. Watu walirudi kwao, mama akarudi jikoni, na mimi nikabaki na bokali tupu. Nilitaka kitu kimoja tu: kuijaza tena, mayai yawe kama yake. Sikuwa na sababu nzuri ya kueleza. Kama ningeshindwa, ujuzi ule ungekuwa umekwisha siku ile, katika sahani za watu.

Nilianza kumchotea maji yule mama wa sokoni. Hakuniuliza baba yuko wapi. Alikuwa amesikia. Kambare wenye mayai hawapatikani kila siku, na nilingoja hadi akaniwekea vifuko viwili. Nilikuwa mwoga wa chumvi, mayai yakaoza. Mara ya pili niliongeza chumvi na kuonja, nikaongeza tena, hadi ulimi ukasema ndiyo, ni ile ya siku ya matanga. Mayai yakakaza vizuri. Mtoni yalishika kwenye ndoano bila kumong'onyoka. Nilikaa tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Samaki walikuja, wakayagusa, kamba ikatikisika kidogo, wakayaacha.

Ulikosekana ule ukali wa kooni. Lakini sikujua kama ulikuwa wa baba au wa sufuria ya shangazi. Mtu pekee wa kuniambia alikuwa shangazi mwenyewe, na kumuuliza kulikuwa ni kumwambia alilisha watu nini. Niliahirisha kwa wiki nyingi. Kisha siku moja nikajikuta niko njiani kwenda Mbunya.

Alikuwa anaanika mihogo. Nilimsaidia kuitandaza, na tulipofika mwisho wa turubai nikasema huku nikitazama mihogo:

"Shangazi, ile siku ya matanga, mu sombe ulitia nini?"

"Sombe gani? Ile ya mayai? Kitunguu na pilipili mbili. Chumvi sikutia, mayai ilikuwa nayo."

"Na tangawizi?"

"Nani anatia tangawizi mu sombe? Weye, nani alikufundisha kupika?"

Nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja: mayai yalikuwa chambo, niliona anayamimina, nikanyamaza. Shangazi alikaa chini juu ya turubai, katikati ya mihogo.

"Nililisha watu chambo ya kaka yangu," akasema. Halafu, "Na mchungaji aliongezewa!" Akaanza kucheka. Alicheka hadi akavuta kitenge akafunika uso, na chini ya kitenge sauti ikageuka. Mimi nilitazama mikono yake, imejaa unga mweupe wa mihogo. Nilijua ni wakati wa kulia. Nilisubiri, hakikuja kitu.

Niliporudi nyumbani nilijua ule ukali haukuwa wa sufuria ya shangazi, ulikuwa wa baba: tangawizi. Mayai ya mara ya tatu niliyapata siku kadhaa baadaye. Chumvi ilipokwisha kuingia, nikachukua tangawizi ya mama ya chai, nikaiponda kwa jiwe nyuma ya nyumba, nikakamua maji yake juu ya mayai na kuyageuza. Yalipokauka nikajaza bokali, nikamimina mawese. Kisha nikakata karatasi ya daftari, nikaandika herufi moja moja: YA KUVULIA. HAIKULIWI. Nikaibandika kwa ugali laini.

Mama akaingia kutoka kisimani. Alisoma karatasi. Alifungua kifuniko, akanusa, kisha akaingiza vidole viwili, akatoa kipande na kukila. Alitafuna taratibu. Yeye ndiye mtu pekee ambaye hakula siku ya matanga.

"Tangawizi iko mingi," akasema. "Papa yako alikuwa anatia nusu ya hii."

"Ulijua?"

"Nani alikuwa anamupondea? Miye."

"Mbona alikuwa ananituma mbali?"

"Haya. Alikuwa anaona haya mutoto amwone anaomba miye bibi yake tangawizi ya chai ya kupakaa samaki." Alifunga kifuniko, akakikaza. "Miezi yote hii unahangaika. Kwa nini haukuniuliza?"

Tangu matanga hatukuwa tumelitaja jina la baba, yeye wala mimi. Mama aliweka bokali rafuni, karatasi ikatazama mbele, akajipangusa vidole kwenye kitenge.

"Weye na yeye, mudomo mumoja," akasema. "Ukipata mayai ingine, uniite. Nitakupondea."

Kesho yake niliichukua bokali, nikalivaa koti la baba lenye ndoano kwenye kola, nikaelekea mtoni.