Ndala Kizingitini

Mama Funguo ameshika funguo za maghala yetu ya nafaka mwaka wa ishirini na mbili sasa. Zamani alihesabu watu kwa ndala. Anayeingia anaziacha kizingitini na kuvaa buti za ghala, akitoka anazichukua. Ndala zikiisha, mlango unafungwa, dawa ya wadudu inaachiliwa, na kwa siku saba hakuna kinachopumua humo ndani.

Mwaka huu ilifungwa antena juu ya mlango, kila kibarua akapewa kadi. Fundi alitueleza kwamba kadi haina betri. Antena inarusha mawimbi, kadi inapata nguvu humo humo na kurudisha namba yake, na mashine inaandika nani kaingia, nani katoka, na skrini inaonyesha wangapi wamo ndani.

"Kumbe inaita majina kama mwalimu," Mama Funguo alisema. "Na asiyeitika?"

"Mama, skrini ikisema sifuri, wewe funga tu."

Alhamisi saa tisa ilisema sifuri. Mitungi ya dawa ilikuwa tayari, nami nimeshika daftari la saa. Mama Funguo alikuwa akitazama chini. Ndala za buluu, mkanda mmoja umeshonwa kwa waya.

"Za shemeji yangu hizi."

"Labda kaondoka na buti," fundi alisema. "Unatuchelewesha."

"Yule? Harusini kwake alikuja na hizi hizi."

Akaingia na kadi yake, skrini ikasema moja. Tulimsikia akiita, sauti ikimezwa na magunia. Niliandika dakika sita. Alirudi akimvuta shemeji yake mkono, aliyekuwa amelala nyuma ya rundo la mwisho. Walitoka wawili. Skrini ikarudi sifuri.

Kadi ya shemeji ilikuwa mfukoni mwake, ndani ya kikopo cha bati cha ugoro.

"Mlisema isilowe jasho," alijitetea. "Nikaitunza."

"Bati linazuia mawimbi," fundi alisema polepole. "Hakusomwa akiingia, wala akitoka."

Jumatatu meneja alibandika tangazo: marufuku kuacha ndala mlangoni, zinachafua ghala. Ijumaa dawa inapigwa ghala la pili, na vibarua humo ni arobaini.

Tangu asubuhi Mama Funguo amekaa kwenye kizingiti kitupu, anawatazama miguuni wanaoingia wakiwa wameshavaa buti. Ameniomba kalamu na karatasi. Hadi sasa hajaandika kitu. Buti za ghala zote zinafanana.