Kaka yangu anataka kunisamehe kosa la mashine zake

Ficheni jina langu, ingawa watu wa nyumbani watanitambua. Nina miaka themanini na mitatu, moyo umechoka, na daktari wa hapa Walikale ameacha kunidanganya. Nilikuwa mwalimu. Kabla ya hapo, miaka michache baada ya uhuru, nilifanya kazi katika karakana ya kaka yangu karibu na Nyabiondo. Tulitengeneza mashine ya mkono ya kupura maharagwe: unazungusha mpini, maganda yanapasuka, punje zinaanguka chini.

Za kwanza ziliposifiwa, kaka akapanga misimu mitatu ijayo: mashine ngapi, chuma kiasi gani, mafundi wangapi. Alikuwa amepita vilimani akiwauliza akina mama kama wanaitaka. Wote walijibu ndiyo, naye akahesabu kila ndiyo kuwa mashine moja. Kisha akanipa mimi niupime mpango huo, kwa kuwa nilikuwa nimesoma.

Nilirudi kwa akina mama wale wale. Kwetu maharagwe hayapurwi na mtu mmoja. Wanawake wa kilima hukusanyika na fimbo zao uani kwa mwenzao, kesho wanahamia kwa mwingine. Mama mmoja aliniambia akicheka, "Mashini itatufuata tu kama fimbo. Kila muntu yake ya nini? Tutapikia ndani?"

Nikamwambia kaka kwamba mashine moja inatosha kilima kizima, na baada ya msimu wa kwanza hatutapata mnunuzi.

"Weye masomo ilikutia woga," akasema. "Njo maana hauna hata muke."

Mafundi wakaitwa, wakaacha mashamba yao. Msimu wa pili mashine zilijaa hadi nje, zikishika kutu mvuani, na mafundi hawakuwa na kazi wala maharagwe. Walipokuja kuuliza, kaka alisimama mbele yao akasema, "Mupango ilipimwa na mudogo wangu. Muulize yeye."

Nilinyamaza. Kwetu mdogo hambishii mkubwa wake mbele ya watu. Mama yetu, aliyelima ili nisome, akaniuliza, "Nilikusomesha ili ulaze bantu na njaa?" Nikahamia huku msituni. Mama alikufa akiamini hivyo.

Juzi binti wa kaka alinipigia simu akiwa kando ya kitanda cha baba yake mgonjwa. "Papa mudogo, Papa iko anaenda. Anaomba ukuje akusamehe mbele ya familia yote, mukule sahani moja."

"Anisamehe nini, mama?"

"Ile mambo ya mashini. Yeye alishasahau."

Alishasahau. Mimi sijasahau hata siku moja.

Nikienda nikala, watoto wake watanizika kama mkosaji aliyehurumiwa. Nikisema ukweli, nitawapokonya baba yao siku ile ile anapokufa. Nikikaa kimya hapa, ukweli utazikwa nami. Nishaurini, ninyi ambao bado mna nguvu ya kukasirika: nile chakula hicho, au nifungue kinywa? Jibuni haraka. Kati yetu wawili sijui nani atatangulia.