Sekunde Mbili za Shangazi

Mchana Vidole alishona mapazia dukani kwa shangazi yake. Jioni alishona kelele. Jina la Vidole alipewa na shangazi mwenyewe, maana mikono ya binti huyu haikujua kutulia. Ikitoka kwenye sindano, iko kwenye kompyuta. Aliokota vipande vilivyozagaa mtandaoni, mbuzi anayepiga chafya, mtangazaji wa hali ya hewa aliyejikwaa, shabiki wa mpira anayelia kwa furaha, kisha mbele za watu akaiandikia kompyuta maagizo, na kila agizo likageuka mdundo na picha papo hapo. Maagizo yenyewe nayo huonekana ukutani pamoja na picha, watu wote wakisoma. Ndiyo desturi ya fani hiyo: mpishi hafungi mlango wa jiko.

Kipande kimoja tu alimwahidi shangazi kwamba hatakigusa. Mwaka uliopita mteja alimrekodi shangazi akifoka, "Pima kwanza!" mkasi juu, macho yamemtoka. Sekunde mbili tu, zikasambaa kama moto wa nyika. Watu wakazibandika kwenye video za harusi, za mechi, hata za siasa. Tangu hapo mwanamke aliyekuwa akisikika mtaa wa pili akaanza kunong'ona na wateja. Mdomo umeniponza, alisema, acha ukae kimya. Vidole aliutamani ule ukali wake kuliko alivyodhani.

Lakini sauti yenyewe ilikuwa tamu, jamani! Akiwa peke yake chumbani aliikatakata, akaipanga juu ya ngoma, na kwenye kompyuta akaiita "shangazi", neno la kuiamshia. Ni mazoezi tu, alijiambia. Na nani aliyewahi kukosa cha kujiambia?

Jioni moja onyesho lake lilikuwa katika ukumbi wa maktaba. Pazia jeupe la kuonyeshea picha alilishona shangazi, na jioni hiyo alikuja kuona linavyoning'inia. Akaketi nyuma kabisa, Vidole asimwone.

Mambo yalianza vizuri. Mbuzi alipiga chafya kwa mdundo, shabiki akalia kwa zamu, watu wakatikisa vichwa. Kisha mikono, iliyozoea mazoezi kuliko ahadi, ikaandika neno lile. Likatokea juu ya pazia, herufi kubwa kuliko mtu: shangazi. "Pima! Pi-pi-pima!" Ukumbi ukaangua kicheko, maana nani asiyeijua sauti ile? Nyuma, mtu akasimama.

Vidole akaona ni shangazi yake. Akaufuta mstari herufi moja moja, ukumbi mzima ukimtazama anavyofuta. Ngoma ikakatika.

"Nisamehe, shangazi," akasema kwenye kipaza sauti. Watu wakageuka, ndipo wakamtambua.

"Unafuta nini sasa? Si wameshasikia?" shangazi akauliza. "Irudishe. Ila usinikatekate. Niache nimalize nilichokuwa nasema."

Vidole akatazama kompyuta, kana kwamba ingemwokoa. "Sina, shangazi. Inaishia hapo. Aliyerekodi alikata hapo."

 Shangazi akapita katikati ya viti, mkoba kwapani, akakishika kipaza sauti kama anavyoshika mkasi. Akatoa ile sauti yake ya zamani.

"Pima kwanza! Kitambaa chako kizuri mno, mama, sitaki kikuharibikie mikononi mwangu."

"Kumbe!" mtu mmoja wa mbele akasema, kwa aibu.

"Ndiyo kumbe," shangazi akajibu.

Vidole alikuwa analia, wala hakujificha. Akaonyesha taa ndogo nyekundu kwenye kompyuta yake. "Imerekodiwa, shangazi. Niicheze?"

"Yote?"

"Yote."

Shangazi akamkazia macho. "Basi cheza," akasema. "Na hilo pazia langu mmelitundika upande. Nani alipima?"