Mahari ya Bibi

Likizo ile nilirudi kutoka shule ya bweni nikiwa nimechoka, nikamkuta bibi amechoka kuliko mimi. Tulilala chumba kimoja nyumbani kwa baba mkubwa, hapa mjini Mwanza, na kila alfajiri, kabla sijamwamkia, nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayejitwisha debe la maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Amka, wataita sasa hivi."

Na kweli waliita.

Babu alipofariki kule Nyegezi, baba mkubwa, ambaye ni karani wa stesheni, aliifunga nyumba yao akamleta mama yake mjini ili apumzike. Alilisema neno hilo mbele ya watu wote wa matanga, wakamsifu. Sijui kama aliwahi kutazama siku ya bibi ilivyo. Mtoto akilia, anaitwa bibi. Uji ukishika chini ya sufuria, anaulizwa bibi. Mgeni akija kutoka Bujora, bibi ndiye anayetoa mkeka wake, naye anajikunja pembeni yangu. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba, nami nikaikanda kwa maji ya moto, bila maneno, maana mimi si msemaji. Shuleni mwalimu hunigombeza nifungue mdomo hata pale ninapolijua jibu.

Nyuma ya jiko kuna mawe mawili makubwa, na katikati yake kipande cha ardhi kinachotosha mkeka mmoja. Ukikaa pale unaliona ziwa, na upepo wake unakufikia. Mama mkubwa alikuwa amepafanya banda la kuku na mahali pa kuweka kuni. Niliona bibi akipita pale anasimama kidogo, anatazama, halafu anaendelea na ndoo yake.

Sasa lazima nieleze juu ya lugha. Mama mkubwa ni mtu wa Ujiji. Amezaliwa ndani ya Kiswahili, na Kisukuma hakijui, kwa hiyo nyumba nzima tunasema Kiswahili. Bibi alikiokota ukubwani, sokoni na kwenye duka la Mhindi, na kwake l na r hazina mpaka. Usiku anakwenda kurara. Chai anaitaka yenye sukali nyingi, na hiyo sukali anaitamka kwa utamu kuliko sisi.

Siku moja walikuwa wanamenya mihogo, mimi nikichambua mchele. Bibi akaweka kisu chini.

"Mwanangu, mimi nimechoka," akamwambia mama mkubwa. "Sitaki kitu kingine kwenu. Nataka mahari yangu tu, nitulie."

 Mama mkubwa alinitazama mimi, akatazama mihogo, akaendelea kumenya polepole sana. Mimi nilikuwa nimeelewa vizuri, nikadhani na yeye ameelewa.

Alichoelewa yeye nilikisikia jioni, baba mkubwa aliporudi kazini. Walinong'ona chumbani, na nyumba yetu haina dari. Mama mkubwa alisema ameshangaa lakini hakutaka kumvunjia mkwewe heshima, na kwamba hata hivyo yule mzee mjane anayetuletea samaki siku hizi anakaa sana mlangoni, anauliza habari za nyumbani mpaka samaki wanakauka.

Baba mkubwa alikula kwanza. Alipomaliza kunawa akakohoa, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili mkewe awe shahidi, kwamba amesikia habari, na hakatai, dunia imebadilika, ila alitaka kujua mambo yatakwendaje. Bibi akafurahi. Akamwambia ahsante, kumbe umesikia.

"Na ng'ombe je, mama?"

"Ng'ombe wa nini? Ondoeni kuku tu, mimi inanitosha."

Baba mkubwa akashika kichwa. "Mama. Mtu mzima kama wewe, kwa kuku?"

"Na kuni," bibi akasema. "Kuni nazo mziondoe."

Mama mkubwa alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa khanga. Sikujua analia au anacheka. Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto, kama ninavyokuwa darasani, na sauti yangu ikatoka ndogo.

"Baba mkubwa, bibi anataka mahali. Pa kukaa. Pale kwenye mawe."

 Mama mkubwa akalala kwenye mkeka kwa kicheko, na bibi, alipoelezwa kwa Kisukuma alivyosikika, akacheka mpaka akashika ubavu. Lakini kicheko chake kilikatika ghafla.

"Mume," akasema. "Niliyekuwa naye nilimpikia mpaka akafa. Leo nitafute wa kuanza naye tena?"

Baba mkubwa, kwa aibu, akasema mbona anataka mawe tu, wakati nyumba yote hii ni yake.

"Ni yangu yote, ndiyo maana kila kona wananiita. Nipe moja ambayo sitaitwa."

 Niliona baba mkubwa anatazama miguu ya mama yake, ile iliyovimba, kana kwamba ndiyo kwanza imeletwa nyumbani.

Asubuhi, kabla ya kwenda stesheni, alihamisha banda na kuni mwenyewe, kaptula yake ya kazi ikachafuka. Mama mkubwa akafagia, akatandika mkeka mpya ambao alikuwa amewawekea wageni. Mimi nilifikiri bibi atapanda mboga pale, au ataanika dagaa. Hakupanda kitu. Alikaa akanyoosha miguu, akawasha kiko chake, akatazama meli ikitoka bandarini mpaka ikawa ndogo. Watoto walipoita jikoni, alijibu bila kugeuka, "Bibi hayupo."

Uchovu wake haukuisha. Bado anavuta pumzi ile ya debe kila alfajiri, na miguu bado naikanda. Ila mchana kuna saa ambayo hata baba mkubwa akimhitaji hungoja.

Jana nilitoka kufua, mgongo unaniuma, nikaenda kusimama kwenye mawe.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Nimechoka, bibi."

"Hii ni mahari yangu. Umeleta ng'ombe?"

"Sina."

Akavuta kiko, akatazama ziwa. Halafu akasogeza mguu mmoja, nafasi ikatokea, nikakaa.